Kwa nini wapenzi wa nyota huzithamini darubini ndogo za Kijapani, na zinawafaa vipi watu wa Kasese na Bwera?

Boksi la darubini ya bei nafuu huwa na maandishi makubwa yanayovutia macho: "Hukuza mara 525." Pembeni huchapwa picha ya sayari Zohali, pete zake zikimetameta kwa rangi ya dhahabu. Mzazi au mwalimu hulinunua kwa matumaini makubwa. Baada ya usiku mmoja au mbili wa kuona ukungu unaotikisika, darubini hurudishwa ndani ya boksi na boksi huwekwa juu ya kabati.

Wakati huohuo, wako watu katika nchi mbalimbali, wengi wao si wanasayansi kwa kazi bali ni wapenzi tu wa elimu ya nyota, wanaotoa zaidi ya dola 2,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni 7 za Uganda, ili kununua bomba la darubini la Kijapani lenye lenzi ya upana wa sentimita 10. Bei hiyo haihusishi stendi wala lenzi za kutazamia. Tena mtengenezaji wake hajigambi popote kwamba inakuza mara 500.

Watu hao wameona nini katika kifaa kidogo namna hiyo? Jibu lake lina faida hata kwa msikilizaji wa Kasese au Bwera asiyekusudia kutumia shilingi milioni 7, kwa kuwa linamfundisha jinsi ya kutambua darubini njema, na jinsi ya kuyalinda macho yake jua litakapopatwa mwaka 2027.

Lenzi moja, rangi nyingi

Darubini ziko za aina kuu mbili. Ya kwanza hukusanya mwanga kwa kioo kilichobonyea kinachouakisi. Ya pili hukusanya mwanga kwa lenzi iliyowekwa mbele ya bomba. Makala haya yanahusu hii ya pili, darubini ya lenzi.

Kazi ya kwanza ya lenzi si kukuza bali ni kukusanya mwanga. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kwa takriban milimita 7. Lenzi ya milimita 60 hukusanya mwanga zaidi ya mara 70 kuliko jicho hilo, na lenzi ya milimita 100 hukusanya takriban mara 200.

Lakini lenzi ina kasoro ya asili. Kama upinde wa mvua unavyotuonyesha, mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi, na lenzi hupinda kila rangi kwa kiasi tofauti. Mwanga wa buluu na mwanga mwekundu wa nyota ileile haukutani mahali pamoja, na matokeo yake ni picha iliyozungukwa na mzingo wa rangi. Watazamaji wa karne ya 17 walijaribu kuipunguza kasoro hiyo kwa kutengeneza darubini ndefu kupita kiasi.

Mwaka 1758, John Dollond wa London alipata hataza ya lenzi iliyoundwa kwa vioo viwili vya aina tofauti, kimoja kikisahihisha makosa ya mwenzake. Hatua hiyo ilipunguza tatizo bila kulimaliza. Hadi leo, ukiitazama Zuhura au Mshtarii kwa darubini fupi ya kawaida ya lenzi, utaona utando wa zambarau kandokando ya sayari.

Fuwele iliyobadilisha mambo

Japani iliingia katika ufundi huu mapema. Kampuni ya Goto ilianzishwa mwaka 1926. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, karakana za Kijapani zilisafirisha kwa wingi darubini ndogo za lenzi kwenda Marekani na Ulaya. Nyingi zilikuwa na lenzi ya milimita 60 na bomba jembamba la karibu mita moja, na ziliuzwa kwa majina ya kibiashara kama Unitron. Urefu ule haukuwa pambo: kadiri mwanga unavyokunjwa polepole, ndivyo kasoro ya rangi inavyopungua.

Mageuzi makubwa zaidi yalitokana na madini ya floraiti. Fuwele ya madini hayo hutawanya rangi kidogo sana kuliko kioo cha kawaida, ila fuwele za asili zilizo safi na kubwa za kutosha kuchongwa lenzi ni adimu mno. Aliyewahi kufika Ziwa Katwe anajua jinsi fuwele za chumvi zinavyojijenga taratibu maji yanapokauka. Fuwele ya floraiti nayo hudai subira, ingawa njia yake ni nyingine: malighafi huyeyushwa kwa joto kali, kisha huachwa ipoe polepole mno ili isipasuke wala kuingiwa na doa. Kampuni ya Canon ilifanikiwa kuzitengeneza kiwandani, na mwaka 1969 ilitoa lenzi ya kamera yenye floraiti.

Kampuni ya Takahashi, iliyoanza mwaka 1932 kama karakana ya kusubu vyuma na kuingia katika utengenezaji wa darubini mwaka 1967, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuitumia fuwele hiyo kwa darubini za watu wa kawaida. Vixen, iliyoanzishwa mwaka 1949, nayo iliwahi kuuza darubini za floraiti. Sasa ikawezekana bomba fupi linalobebeka mkononi kutoa picha isiyo na utando wa zambarau. Darubini ya Takahashi iitwayo FC-100DF, kwa mfano, ina lenzi ya milimita 100, na lenzi hiyo hukusanya mwanga kwenye nukta iliyo umbali wa milimita 740 tu.

Hata hivyo, fuwele peke yake haitengenezi darubini. Wimbi la mwanga wa kijani lina urefu wa karibu nusu ya elfu moja ya milimita, na uso wa lenzi njema haupaswi kukosea hata kwa sehemu ndogo ya urefu huo. Lenzi zikaliwe sawasawa ndani ya bomba, na gurudumu la kulengea lizunguke kwa ulaini bila kuisogeza picha. Umakini wa namna hiyo ndio unaowafanya wapenzi wa nyota waendelee kutafutana na kuuziana darubini za Kijapani zilizotengenezwa miaka ya 1980, nazo bado zinafanya kazi.

Kukuza si kuona

Kanuni inayokubalika na watazamaji wengi ni kwamba darubini hukuza kwa manufaa hadi takriban mara mbili ya upana wa lenzi yake kwa milimita. Lenzi ya milimita 60 ina mwisho wake kwenye mara 120. Ukiilazimisha ifike mara 525, unafanya kama anayechukua picha ya pasipoti na kuitanua iwe bango la barabarani: uso unakuwa mkubwa, lakini hakuna jipya linaloonekana.

Kwa kweli mambo mengi mazuri hayahitaji kukuzwa sana. Miezi minne mikubwa ya Mshtarii, ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, huonekana kwa kukuza mara 20. Pete za Zohali hujitokeza kwa mara 30 au 40. Nyota angavu Rijili Kantori, jirani ya Msalaba wa Kusini, hujitenga na kuwa nyota mbili katika lenzi ya milimita 60.

Haki inadai tuseme pia kwamba darubini ya lenzi haina ushindi katika kila jambo. Darubini ya kioo yenye upana wa milimita 200 hukusanya mwanga mara nne zaidi ya lenzi ya milimita 100, na mara nyingi bei yake ni ya chini. Kwa anayetaka kuona makundi hafifu ya nyota na mawingu ya gesi angani, hiyo ndiyo inayofaa zaidi. Mapenzi ya darubini za Kijapani ni mapenzi ya picha safi na kali, hasa ya mwezi, sayari na nyota pacha.

Neema ya Ikweta, na usumbufu wake

Kasese na Bwera ziko kaskazini kidogo tu ya mstari wa Ikweta, na alama ya mstari huo husimama Kikorongo, kwenye barabara ya Kasese kwenda Mbarara. Jambo hilo lina uzito kwa mtazamaji wa sayari.

Sayari hupita angani karibu na njia ya jua. Hapa kwetu, Mshtarii au Zohali inapofika kileleni mwa safari yake ya usiku, huwa zaidi ya nyuzi 60 juu ya upeo, mara nyingine karibu na utosi. Miaka ya 2019 na 2020, mtazamaji wa London hakuuona Mshtarii ukipanda hata nyuzi 20. Kwa kimo hicho, mwanga hupenya hewa inayokaribia mara tatu ya ile iliyo utosini, na hewa hiyo ndiyo inayoitikisa na kuififisha picha. Kwa hiyo darubini ndogo iliyotengenezwa vizuri inaweza kumwonyesha mtu wa Bwera mambo ambayo ndugu yake aliye Ulaya, akiwa na darubini ileile, huyakosa.

Usumbufu unatokana na stendi. Stendi iitwayo "ya ikweta" hufuata mzunguko wa nyota kwa mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, karibu na Nyota ya Kaskazini. Huko Tokyo mhimili huo huinuliwa nyuzi zipatazo 36. Kwetu hulazimika kulala karibu sambamba na ardhi, na stendi nyingi haziwezi kushuka kiasi hicho, au uzito wake wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Nyota ya Kaskazini yenyewe imelala kwenye upeo, imefichwa na milima, miti au ukungu. Ajabu ni kwamba stendi yenye jina la ikweta husumbua zaidi ikiwa kwenye Ikweta. Kwa kutazama kwa macho, stendi ya kawaida inayopanda, kushuka na kugeuka kulia na kushoto inatosha.

Bomba la darubini ya lenzi limefungwa mbele, hivyo vumbi haliingii kwa urahisi, na lenzi zake hazihitaji kupangwa upya kila baada ya safari ya barabara mbovu. Adui wake ni unyevu, ambao huotesha kuvu juu ya lenzi. Baada ya kutazama, iache darubini ikauke kabla ya kuifunga, na uihifadhi pamoja na vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuwa ndani ya maboksi ya viatu vipya. Lenzi isisuguliwe kwa kanga wala shati. Miezi inayofaa zaidi ni ile ya kiangazi, Juni na Julai, kisha Desemba hadi Februari.

Kabla ya kununua

Ukiletewa au kuuziwa darubini, uliza kwanza upana wa lenzi, si idadi ya kukuza. Uliza kama lenzi ya mbele ni ya kioo au ya plastiki. Gusa bomba kidole likiwa juu ya stendi: picha ikiendelea kutikisika kwa sekunde nyingi, stendi hiyo itakukatisha tamaa hata lenzi ikiwa bora. Darubini kuukuu ya Kijapani ya milimita 60 yenye lenzi safi yaweza kuwa na thamani kuliko mpya yenye maneno makubwa. Na kama fedha ni chache, darubini ya macho mawili ya aina ya 10x50 ni mwanzo mwema.

Tahadhari ya jua

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu katika ukanda unaopita Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Uganda itashuhudia kupatwa kwa sehemu, mchana. Hapa ndipo darubini kuukuu zinapoweza kuleta maafa. Nyingi ziliuzwa zikiwa na kichujio kidogo cheusi cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa "SUN". Joto la jua lililokusanywa na lenzi ya mbele linaweza kukipasua ghafla wakati jicho lipo palepale. Ukikikuta, kivunje na kukitupa.

Kichujio salama ni kile kinachofunika lenzi ya mbele yote, kilichotengenezwa kwa ajili ya jua. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua ni ya macho matupu tu. Haivaliwi pamoja na darubini ya aina yoyote. Filamu za eksirei, kioo kilichofukizwa moshi na beseni la maji havilindi macho. Asiye na kifaa atoboe tundu dogo kwenye karatasi ngumu, alipe jua mgongo, na aitazame taswira ya jua kwenye karatasi nyeupe iliyo mbele yake. Jicho lililoungua halisikii maumivu wakati linapoungua, na huenda lisipone kamwe.

Usiku hauna hatari hiyo. Anayetaka kuanza aungoje mwezi ufike nusu, kisha atazame mstari unaotenga nuru na giza. Hapo vivuli huwa virefu, na milima ya mwezini huonekana wazi hata kwa darubini ndogo.