Maji moto na nzi: nani adui wa mwembe?

Msimu wa embe ukifika, wauzaji wa Mama Ngina, pale lango la bahari la kuingilia Kilindini, hukata embe mbichi na kuzitia chumvi na pilipili. Hizo aghalabu huwa salama. Balaa ni ile iliyoiva: unapasua ngowe ya kupendeza, ukakuta funza wamejaa hadi kwenye kokwa.

Funza hao ni watoto wa nzi wa matunda, mgeni kutoka Asia ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis. Alitambuliwa Pwani ya Kenya mwaka 2003, kisha akatapakaa Afrika kusini mwa Sahara. Jike hutoboa ganda la embe inayoanza kuiva, akataga ndani, akaenda zake. Hang'ati mtu, na wengi hawajawahi hata kumwona. Embe ikidondoka, funza hujizika mchangani, wakaibuka nzi wapya. Kwa ajili yake Kenya ilisitisha kuuza embe Ulaya mwaka 2014, na biashara hiyo ikarejea 2021.

Juu ya mwembe uo huo anaishi sisimizi aitwaye maji moto, mwenyeji wa tangu zamani. Kiota chake ni cha ajabu: baadhi yao huvuta majani yakutane, wengine huwabeba mabuu yao mdomoni na kuwapitisha huku na huku, hariri ya mabuu ikashona majani. Ukimgusa atakung'ata na kukurushia tindikali kwenye jeraha. Basi watu humnyunyizia dawa na kuchoma viota.

Hapo tunajidhulumu. Utafiti wa Benin umeonyesha kuwa miembe yenye maji moto wengi hupata funza wachache: huwala nzi, na harufu wanayoacha kwenye tunda humkimbiza jike asitage. Wachina walikuwa wakitundika viota vya ndugu za maji moto kwenye michungwa tangu karne ya 4. Unguja nako, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilibainika kuwa maji moto huilinda minazi dhidi ya kunguni anayeangusha vidaka. Ni kweli, hufuga wadudu gamba ili apate utamu wao, lakini hasara hiyo ni ndogo.

Wewe mwenye mwembe uani, Ganjoni, Tudor au ng'ambo Likoni, waache maji moto. Jipake jivu mikononi kabla ya kuchuma. Na embe zilizodondoka ziokote kila siku, uzifukie kwenye shimo la futi mbili.