Mti Hauendi Ila kwa Nyenzo: Wahamiaji wa Leicester na wa Bradford

Katika nchi ya Uingereza iko miji miwili ambayo yafaa ifahamike kwa watu wa Afrika Mashariki. Mmoja ni Leicester, ulioko katikati ya nchi, na wa pili ni Bradford, ulioko upande wa kaskazini. Yote miwili ilipata sifa kwa viwanda vyake. Leicester ilifuma soksi na fulana na kushona viatu; Bradford ilisokota na kufuma sufu. Yote miwili, baada ya vita vya 1939 hadi 1945, ilipokea wageni wengi wenye asili ya Bara Hindi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, watu 34 katika kila 100 wa Leicester walijiandika kuwa wana asili ya India, na zaidi ya watu 25 katika kila 100 wa Bradford walijiandika kuwa wana asili ya Pakistan.

Wageni wa Leicester si wote waliotoka mahali pamoja, lakini wengi wao walitoka Kenya, Uganda na Tanzania. Wageni wa Bradford, sehemu kubwa yao, walitoka katika wilaya ya Mirpur, katika ile sehemu ya Kashmir inayotawaliwa na Pakistan. Watu wa makundi haya mawili hufanana kwa sura machoni pa Waingereza wengi, nao walikutana na dharau ile ile mitaani. Walakini hali zao za maisha hazikulingana hata kidogo.

Taarifa za Serikali ya Uingereza zimeonyesha jambo hili kwa miaka mingi. Wenye asili ya India, ambao ndani yao wamo hao waliopitia Afrika Mashariki, hupata kwa wastani mshahara unaopita ule wa Waingereza weupe wenyewe, na karibu jamaa saba katika kila kumi hukaa katika nyumba zao wenyewe. Wenye asili ya Pakistan hupata mshahara mdogo zaidi, na karibu nusu ya jamaa zao wamehesabiwa kuwa katika umaskini baada ya kulipia makazi.

Kwa nini iwe hivyo? Wako watu ambao hujibu upesi kwamba hawa ni wafanya biashara kwa kuzaliwa na wale ni wavivu. Jibu hilo ni rahisi kutamka, lakini mwenye kufuata habari za makundi haya tangu mwanzo ataona kwamba si la kweli.

WALIOTOKA AFRIKA MASHARIKI

Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka India. Wengi wao walirudi kwao. Wasiozidi 7,000 ndio waliobaki. Waliojaza maduka ya Kenya na Uganda, kwa hiyo, hawakuwa hasa wale vibarua wa reli, bali watu waliokuja kwa nauli zao wenyewe, wengi kutoka Gujarat, wakaifuata reli kituo kwa kituo. Mmoja wao alikuwa Allidina Visram, aliyefungua maduka kutoka pwani hadi Uganda, na ambaye jina lake lilipewa shule kubwa ya Mombasa.

Katika muda wa miaka sitini watu hawa walijifunza mambo mengi. Walijifunza kuweka daftari la mauzo na la madeni, kuagiza bidhaa kwa barua, na kuzungumza na benki. Walijenga shule za jumuiya zao, na watoto wao, wavulana kwa wasichana, wakasoma Kiingereza na kufanya mtihani wa Cambridge. Wengine wakawa makarani, waalimu, madaktari na mawakili.

Kisha mambo yakageuka. Kenya ilipata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na wakaao nchini wasio raia walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi walibaki na pasi za Kiingereza. Mwaka 1967 sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara zikawabana wasio raia, na maelfu wakaanza kuondoka. Bunge la Uingereza likaogopa wingi wao, na kwa siku tatu tu likapitisha sheria ya tarehe 1 Machi 1968, iliyoruhusu vibali 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa jamaa. Watu wenye pasi za Uingereza wakazuiliwa mlangoni mwa Uingereza.

Mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin akatangaza kwamba Wahindi wa Uganda wapewe siku 90 kuondoka. Kama watu 28,000 walikwenda Uingereza. Waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba ya miwa, na kila jamaa iliruhusiwa kutoka na pauni kama 50 tu. Walipokelewa katika kambi za zamani za jeshi wakati wa baridi. Baraza la mji wa Leicester lilipiga tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaomba wasiende huko, maana nyumba na shule zilikuwa zimejaa. Hata hivyo wengi walikwenda, kwa kuwa ndugu zao walikuwako, na kwa kuwa viwanda vya Leicester vilikuwa vingi na vya namna nyingi.

WALIOTOKA MIRPUR

Watu wa Mirpur walikuwa wakulima wa mashamba madogo yanayotegemea mvua. Kwa kuwa ardhi haikutosha, vijana wao tangu zamani walikwenda kufanya kazi melini, wakichochea makaa katika matumbo ya meli za Kiingereza. Wachache walibaki Uingereza wakati wa vita, nao ndio waliowafungulia njia wenzao.

Baada ya vita, wenye viwanda vya sufu vya Bradford walinunua mashine mpya za bei kubwa, na ili zirudishe gharama ilibidi ziendeshwe mchana na usiku. Waingereza hawakutaka zamu ya usiku, na sheria wakati ule haikuruhusu wanawake kufanya kazi usiku viwandani. Basi zamu hiyo wakapewa watu wa Mirpur. Wanaume wengi waliishi katika nyumba moja. Aliyetoka kazini asubuhi alilala katika kitanda alichoamka mwenzake aliyekwenda zamu ya mchana.

Mwaka 1961 Pakistan ilianza kujenga bwawa kubwa la Mangla katika mto Jhelum. Bwawa lilipomalizika mwaka 1967, mji wa zamani wa Mirpur na vijiji vingi vilikuwa chini ya maji, na watu zaidi ya 100,000 walikuwa wamehamishwa. Sehemu ya ardhi iliyozama ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote. Wengine kati ya waliohamishwa walielekea Uingereza, kwa ndugu zao wa viwandani.

Watu hawa hawakukusudia kukaa. Kila mmoja aliweka nia ya kufanya kazi miaka michache, kulipa deni la nauli, kununua shamba na kurudi. Kwa hiyo fedha yao ilirudi nyumbani, ikajenga nyumba kubwa za matofali huko Mirpur, ambazo nyingi zilikaa bila watu. Kwa kuwa usiku kucha walifanya kazi pamoja na wenzao wa lugha yao, hawakupata nafasi ya kujifunza Kiingereza, na wengi hawakuwa wamesoma shule ya kutosha. Sheria zilipokazwa kuanzia mwaka 1962, wakaona kwamba mwenye kutoka huenda asirudi tena, ndipo wakawaita wake na watoto. Hivyo jamaa zilikuja baadaye, na wake wengi walifika bila kujua lugha ya nchi.

Hapana mtu mwenye haki atakayemwita mvivu mtu aliyesimama mbele ya mashine usiku baada ya usiku kwa miaka ishirini.

VIWANDA VILIPOFUNGWA

Katika miaka ya 1970 na 1980 viwanda vya nguo vya Uingereza vilianguka, kwa kuwa nguo za nchi nyingine zilikuwa rahisi zaidi. Hata kile kiwanda maarufu cha Lister huko Manningham, Bradford, kilifungwa mwaka 1992. Maelfu ya watu wa Mirpur waliachishwa kazi wakiwa na umri wa makamo, nao hawakuwa na ufundi mwingine wala cheti. Wengi wakawa madereva wa teksi au wapishi katika vijiduka vya chakula, kazi za saa nyingi na faida ndogo. Na kwa kuwa wake zao wengi hawakuwa wakifanya kazi ya mshahara, mume alipokosa kazi nyumba nzima ilikosa.

Huko Leicester pia viwanda vilifungwa. Kiwanda cha taipureta kilichoajiri wengi waliotoka Afrika Mashariki kilifungwa mwaka 1975. Lakini watu hawa walikuwa na mahali pa kugeukia. Mume alijua biashara. Mke alijua Kiingereza na hesabu, naye mara nyingi alikuwa akipata mshahara wake mwenyewe. Mishahara miwili ikawekwa pamoja, ndugu wakachangiana, nao wakanunua duka la magazeti, la dawa au posta ndogo. Barabara ya Belgrave, ambayo maduka yake mengi yalikuwa yamebaki matupu, ikajaa maduka ya vito, sari na vyakula.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba wao walipita njia laini. Mtu aliyekuwa na duka lake Kampala alifagia sakafu ya kiwanda. Bibi Jayaben Desai, aliyezaliwa Gujarat na kuishi Tanganyika, alifanya kazi London katika kiwanda cha Grunwick cha kusafisha picha. Mwezi wa Agosti 1976 alitoka kazini kwa kukataa kudhalilishwa, na wenzake, wengi wao wanawake wa Afrika Mashariki, wakamfuata. Mgomo ulidumu hadi Julai 1978, nao hawakushinda.

SI JAMBO LA DAMU

Ushahidi wa kwamba tofauti hii si ya damu wala ya dini ni huu. Wako Waislamu wa Gujarat waliotoka vijijini moja kwa moja, bila kupitia Afrika, wakaenda kufanya kazi katika viwanda vya Batley, Dewsbury na Blackburn. Asili yao ni ile ile ya wengi waliotoka Mombasa na Kampala, lakini kwa kuwa njia waliyoipita ilikuwa ya kiwanda, maisha yao yalifanana zaidi na ya watu wa Bradford.

Kadhalika, Mpakistani aliyepata nyenzo alikwenda mbali kama mtu mwingine yeyote. Anwar Pervez, aliyezaliwa karibu na Rawalpindi, alikuwa kondakta wa basi Bradford. Akafungua duka London mwaka 1963, na mwaka 1976 akaanzisha Bestway, ambayo ilikuwa moja ya kampuni kubwa za Uingereza za kuuza kwa jumla. Sajid Javid, ambaye baba yake kutoka Pakistan alifanya kazi katika kiwanda cha pamba kisha akaendesha basi, alikuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza kuanzia mwaka 2019 hadi 2020. Na Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia Oktoba 2022 hadi Julai 2024, baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Baba alikuwa daktari, na mama aliendesha duka la dawa. Kila mmoja alianzia mahali pake.

FUNZO LA HABARI HII

Wazee walisema kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Watu wa Mirpur walipewa gogo la kusukuma kwa mikono mitupu, nao walilisukuma kwa nguvu zao zote. Watu wa Afrika Mashariki walinyang'anywa gogo lenyewe, lakini nyenzo walibaki nazo, kwa maana hapana askari wa mpakani awezaye kupekua kichwa cha mtu na kutoa humo Kiingereza, hesabu na ufundi wa kuweka daftari.

Mkulima anayetegemea zao moja tu, na karani anayetegemea mshahara mmoja tu, wako katika hatari ile ile iliyowakuta watu wa Bradford siku mlango wa kiwanda ulipofungwa. Na baba anayempeleka mtoto wa kiume shuleni na kumwacha wa kike nyumbani anaiondolea nyumba yake nyenzo moja katika mbili. Shamba laweza kuzama chini ya maji kama la Mirpur, na duka laweza kuchukuliwa kama la Kampala. Nyumba ambayo mume na mke wote wamesoma, na wote wajua hesabu ya mali yao, ina kitu cha kuanzia tena.

Wajukuu wa wafanya kazi wa zamu ya usiku sasa wanasoma katika vyuo vikuu vya Uingereza, na wasichana ni wengi miongoni mwao. Nyenzo ambazo babu zao hawakupewa, wao wanazitafuta wenyewe.