Kadi mbili za grafiki kwenye mashine moja: hesabu ya fundi wa Kahama

"Fundi, nifungie mbili."

Agizo hilo hunifikia dukani kwangu hapa Kahama kila maduara ya dhahabu yanapotema vizuri huko Kakola, Nyarugusu au Katoro. Kijana ameuza dhahabu yake, mgao wa mwenye duara umeshatoka, mama ametumiwa cha kwake, na kinachobaki anataka kiwe kompyuta ya gemu ambayo hakuna mwenzake aliye nayo. Ameona mahali picha ya mashine yenye kadi mbili za grafiki, zimepangwa moja juu ya nyingine, taa zinawaka, kidaraja kimeziunganisha. Televisheni ya inchi 55 ya 4K ameshainunua na iko kwenye boksi. Anaamini kwamba kadi mbili zitampa mara mbili ya kile ambacho kadi moja ingempa.

Hela hiyo imetoka chini ya ardhi, na wengine wameacha afya zao huko. Mimi naumia nikiiona inaishia kwenye chuma ambacho nusu yake itakaa bure. Kwa hiyo nasema mapema: kama kazi yako ni gemu, nunua kadi moja yenye nguvu, na hela inayobaki iweke kwenye pawasaplai nzuri na stebilaiza. Zama za kadi mbili kwenye gemu zilikuwepo kweli, na zilikuwa na raha yake. Zimekwisha, na sababu zake zinaeleweka.

Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Picha ya Full HD ina pikseli, yaani nukta za rangi, 1920 kwa 1080. Jumla ni milioni 2 na kidogo. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3. Hiyo ni mara nne kamili. Ili gemu liende laini, kadi inatakiwa kuchora picha kama 60 kila sekunde, maana yake pikseli zinazokaribia milioni 500 kwa sekunde, na kila moja ina hesabu zake za mwanga, kivuli na rangi. Mzigo huo ndio ulioleta wazo la kugawana kazi.

Wazo ni la zamani kuliko vijana wengi wanaoniletea mashine. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iitwayo 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo2. Moja peke yake iliishia picha ya 800 kwa 600. Ukifunga mbili, unafika 1024 kwa 768. Mtindo huo uliitwa SLI, na ziligawana mistari ya picha: hii inachora ya shufwa, ile ya witiri. Mwishoni mwa mwaka 2000 mali za 3dfx zilinunuliwa na Nvidia, na mwaka 2004 Nvidia ikalirudisha jina la SLI kwa teknolojia yake mpya. ATI, ambayo baadaye ilimezwa na AMD, ikajibu mwaka 2005 kwa CrossFire. Kwa miaka kama kumi hivi, mwenye mashine ya juu kabisa alikuwa mwenye kadi mbili.

Kilele chake nakiona mwaka 2014, televisheni za 4K zilipoanza kuzoeleka. AMD ilitoa R9 295X2, kadi moja yenye vichakataji viwili ndani, inayopozwa kwa maji kutoka kiwandani, inayokula wati 500, kwa dola 1,499. Nvidia ikaleta Titan Z, nayo ya vichakataji viwili, kwa dola 2,999. Ile ya AMD ilikuwa nusu ya bei na kwenye 4K mara nyingi ilikuwa mbele. Hata leo, nikiulizwa ni mashine gani ya kadi pacha iliyostahili bei yake, nitaitaja hiyo.

Sasa, zinagawanaje kazi? Njia iliyoshika ni ya kupokezana: kadi ya kwanza inachora picha ya kwanza, ya pili inachora ya pili, ya kwanza inarudi kwenye ya tatu. Aliyekulia Usukumani ameshaona wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja kwa kupokezana michi. Wakishika mwendo mmoja, mahindi yanakwisha upesi. Mmoja akichelewa kidogo, michi inapishana vibaya, na wingi wa mapigo hausaidii kitu. Kadi nazo zilikuwa hivyo. Kompyuta inaandika picha 70 kwa sekunde, lakini mbili zinakuja zimefuatana karibu mno, halafu panatokea pengo, halafu mbili tena. Jicho linaona gemu linashika kigugumizi wakati namba kwenye kona ya kioo zinasifu. Mwaka 2013 vilipopatikana vipimo vya kukagua muda wa kila picha badala ya kuhesabu picha kwa sekunde, tatizo lilionekana waziwazi, hasa kwa AMD, ambayo ililazimika kurekebisha draiva zake.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwenye gemu zenyewe. Za kisasa zinatumia picha iliyopita kusafishia picha inayofuata: kingo, vivuli na mwanga vyote vinaangalia nyuma. Kadi ya pili ikitaka kuchora lazima isubiri kwanza kile kilichotoka kwenye ya kwanza. Kupokezana kukageuka kusubiriana.

Na kumbukumbu. Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea, na wauzaji wengine hawawasaidii. Kadi ya GTX 1080 Ti ina gigabaiti 11. Ukifunga mbili, kwenye gemu bado una 11, wala huna 22, kwa sababu kila kadi inabeba nakala yake ya vitu vilevile: kuta zilezile, nyuso zilezile, majani yaleyale. Kwenye 4K kumbukumbu ndiyo inayokwisha kwanza, na ikiisha hata kadi tatu hazitakuokoa.

Wenye viwanda waliona haya yote. AMD iliiacha CrossFire kwenye kadi zake za RX 5700 za mwaka 2019. Nvidia, kati ya kadi za RTX 30 ilizotoa mwaka 2020, iliiachia 3090 pekee mlango wa kuunganishia, na ikatangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2021 haitaongeza tena maelekezo mapya ya SLI kwenye draiva za kadi za RTX 20 na zilizotangulia. Mzigo wakaachiwa watengenezaji wa gemu, na wengi wao hawakuubeba. GTA V, ambayo kompyuta iliipata mwaka 2015, inazitumia vizuri kadi mbili. Shadow of the Tomb Raider na Red Dead Redemption 2 zinaziona. Cyberpunk 2077 haina habari nazo kabisa: kadi ya pili inakaa, inakula umeme kidogo, inapokea vumbi.

Vumbi nimelitaja kwa sababu. Mteja mmoja kutoka upande wa Geita aliniletea mashine iliyotoka Dubai, ndani ina GTX 1080 Ti mbili, akilalamika kwamba inazima ikifika katikati ya mchezo. Nilifungua ubavu. Kadi ya juu ilikuwa imeachana na ya chini kwa nafasi isiyopita kidole, na feni zake zilikuwa zinavuta hewa iliyotoka moto mgongoni mwa mwenzake. Mapezi ya alumini yalikuwa yamejaa udongo mwekundu uliogandamana na mafuta, kama uji uliokauka. Gundi ya joto juu ya kichakataji ilikuwa inavunjika kama chokaa. Kadi hizo zimewekwa kiwandani zianze kujipunguza mwendo zikifika nyuzi joto 84, na ile ya juu ilikuwa inagonga hapo dakika chache baada ya gemu kuanza, wakati ya chini bado inapumua. Na kwa kuwa zinapokezana, ya juu ikipunguza mwendo ya chini nayo inasubiri. Nilisafisha, nikabadilisha gundi, zikatulia. Lakini ilikuwa Oktoba, mvua haijanyesha, dirisha la chumba chake linaangalia barabara ya vumbi, na nilimwambia ukweli: kaka, hii kazi utakuwa unaniletea kila baada ya miezi michache.

Kisha umeme. 1080 Ti moja inakula wati 250. Mbili ni 500, na ukijumlisha kichakataji, feni na upotevu wa pawasaplai, ukutani unavuta karibu wati 700. Cheza saa nne kila jioni na mwezi utakula uniti 80 na ushee za LUKU kwa mashine hiyo peke yake, bila friji, bila televisheni. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, lile la shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi. Mashine imeshauvuka kabla taa haijawashwa, na uniti zinazozidi zinakwenda shilingi 350.

Katoro kuna tatizo jingine. Jioni, makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu yanapowashwa jirani, taa za nyumbani zinafifia na umeme unashuka. Umeme ukishuka, pawasaplai inavuta ampea nyingi zaidi ili itoe wati zilezile, inachemka, na ikiwa ni ya bei rahisi inakufa na wakati mwingine inaondoka na madabodi. Ile UPS ndogo ya VA 650 iliyojaa madukani inabeba wati kama 360 hivi. Ifungie mashine ya kadi mbili, umeme ukikatika italia mlio mmoja na kuzima papo hapo. Mashine ya kadi moja yenye wati 200 inaweza kuponea humo kwa dakika za kuhifadhi mchezo, kama kichakataji si mlafi.

Basi tulinganishe jozi na kadi moja moja. RTX 4070 ya mwaka 2023 ina gigabaiti 12 na inakula wati 200. Inakaribia sana kile ambacho 1080 Ti mbili zinafanya siku zikielewana, na inakifanya kwenye kila gemu. Pia inajua kuchora picha kwa pikseli chache kisha kuikuza hadi 4K bila jicho kushtuka, kazi ambayo Nvidia inaiita DLSS na ambayo 1080 Ti haina. Kuna jambo dogo jingine ambalo linawakera wateja wangu wakishalipa: mlango wa HDMI wa 1080 Ti ni wa toleo la 2.0, ambao kwenye 4K unaishia picha 60 kwa sekunde. Televisheni yako inayoweza 120 itabaki kwenye 60 hata ukifunga kadi mbili.

Jozi ya 2080 Ti ni afadhali kidogo, lakini kumbukumbu ni ileile 11. Jozi ya 3090, kila moja gigabaiti 24 na wati 350, inakula wati 700 kabla hujahesabu kitu kingine, wakati RTX 4090 moja ya wati 450 inafika pale ambapo hizo mbili zingefika zikiwa na bahati ya gemu linalozikubali. RTX 5090 ya mwaka 2025 inakula wati 575 peke yake, na kwa nyumba nyingi za huku simshauri mtu. Kwa 4K ya sebuleni mimi ninaagiza RTX 5070 Ti au RX 9070 XT ya AMD, zote za mwaka 2025, zote gigabaiti 16, zote karibu wati 300. Kadi za namna hiyo zinamtosha mchezaji, na chumba hakigeuki tanuri.

Wapo wanaofaidi kadi mbili kweli, nao nawafungia kwa moyo mmoja. Mhariri wa video za harusi mwenye toleo la kulipia la DaVinci Resolve atapata kazi kwenye kadi zote. Anayechora majengo au katuni kwa Blender vilevile: kila kadi inachukua kipande chake cha picha na hakuna inayomsubiri mwenzake. Wanaojifunza akili unde wanazitafuta 3090 kwa ajili ya zile gigabaiti 24. Kijana wa Geita niliyemtaja aliiuza kadi yake moja kwa studio ya video ya Shinyanga mjini, na kwa ile aliyobaki nayo gemu zake zinakwenda bila kuzima.

Ukinunua ya mtumba, fahamu kwamba Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zinachemka usiku na mchana duniani ziliingia sokoni. Usilipe kwa kuiona inawaka taa. Iwekee mzigo mzito nusu saa mbele yako, angalia kama kuna nukta za ajabu zinazoruka kwenye kioo, sikiliza feni, nusa. Tazama kama skrubu zimeshaguswa. Waya za pawasaplai tumia zilizokuja nayo tu: za kampuni nyingine zinaweza kuingia kwenye tundu vizuri kabisa huku mpangilio wa umeme ukiwa tofauti, na kadi inaungua siku hiyohiyo. Na kama ni 4090, ile plagi yake ndogo ya pini 12 za umeme isukume hadi isibaki hata upenyo wa ukucha, maana zilizoachwa nusu ndizo nyingi kati ya zilizoyeyuka.