Asiransi ikikataa kulipa: mushike kopi ya barua yenu



Mwaka uliopita, mwezi wa saba, depo ya koperative moja huku Kivu ya Kaskazini iliungua. Mahindi na maharagi ya saison B yalikwisha yote. Wanamemba walijituliza, kwa sababu depo ilikuwa na asiransi ya moto. Walisema: "Feza itatoka, tutanunua mbegu za saison A." Mwezi wa tisa ulifika, feza hakuna. Kwa simu waliambiwa kila mara "juma lijalo". Mwishoni ajenti akasema: "Mulichelewa kutangaza moto, hatulipe."

Walichelewa kweli? Hapana. Kontra iliwapa siku 5. Sekretere alipeleka barua siku ya 3, na alibaki na kopi yenye stempo na tarehe. Ile kopi njo iliwaokoa.

Mambo kama hayo yakiwafikia, mufanye hivi:

1. Someni kontra kwanza. Mutafute vitu vitatu: hasara gani inalipwa, gani hailipwe, na siku ngapi munapewa za kutangaza. Katika sheria yetu, kontra iliyofanywa vizuri ni sheria kwa wote wawili walioitia sahihi.

2. Maneno ya mudomo hayatoshi. Ombeni wakatae kwa maandishi, na waonyeshe ni artikle gani ya kontra wanaegemea.

3. Kama wanakubali kulipa lakini hesabu yao iko chini, muombe ekisperti wa pili. Musitie sahihi karatasi inayosema "tumelipwa yote" kama hamukulipwa yote. Kisha sahihi hiyo, ni vigumu kudai tena.

4. Wakinyamaza, muandike barua ya kuwadai rasmi, yenye kuwapa tarehe ya mwisho. Avoka au ishie anaweza kuipeleka. Barua hiyo inasaidia kudai pia malipo ya hasara iliyoletwa na kuchelewa.

5. Mupeleke malalamiko kwa ARCA, ofisi ya serikali inayochunga makampuni ya asiransi. Kazi zote za asiransi leo zinafuata sheria ya 17/03/2015, iliyofungua soko ambalo zamani lilikuwa la SONAS peke yake. ARCA si tribinali, lakini kampuni inafanya kazi kwa ruhusa yake.

6. Mwisho ni tribinali. Haki ya kushitaki iko na muda wake, ukipita imekufa. Musiache ahadi za simu ziwalaze. Muone avoka mapema, na muulize bei yake mbele ya kuanza.

Koperative ile ilifika kwenye hatua ya nne tu, ikalipwa mwezi wa 12. Lakini saison A ilikuwa imepita, na mashamba mengi yalilala bila mbegu. Wangeandika barua ile mwezi wa 8, pengine wangepanda.

Basi juma hili, mwulizeni sekretere wenu: kontra yetu iko wapi? Kama iko ndani ya depo, muitoe leo. Depo ikiungua, nayo itaungua.