Muda wa kufikiri katika sataranji ya mtandaoni

Mapambano mengi ya sataranji kati ya wachezaji wa kawaida mtandaoni huamuliwa na kete iliyoachwa bila mlinzi. Farasi anasogezwa mbele, askofu aliyekuwa akilindwa naye anabaki peke yake, na mpinzani anamla bure. Kosa hili huwapata hata watu walioanza kucheza miaka mingi iliyopita na wanaojua majina ya funguzi kumi. Chanzo chake kikubwa ni muda. Mchezo wa dakika 3 kwa kila upande, unaopendwa sana kwenye simu, humlazimisha mtu kusogeza kete kwa mazoea, na mazoea hayo hayo ndiyo yanayomwangusha. Akicheza hivyo usiku kucha, kinachopata mazoezi ni kosa lenyewe.

Brussels ilitoa mchezaji aliyepita njia tofauti kabisa. Albéric O'Kelly de Galway alizaliwa mwaka 1911 huko Anderlecht, mojawapo ya manispaa 19 za eneo la jiji hilo. Mwaka 1956 alipata cheo cha grandmasta, Mbelgiji wa kwanza kukifikia, kisha akawa bingwa wa tatu wa dunia wa sataranji ya posta. Fainali ya mashindano hayo ilianza mwaka 1959 na kumalizika mwaka 1962. Kila hatua iliandikwa kwenye kadi na kutumwa kwa posta, na mchezaji alikuwa na siku kadhaa za kupanga ubao, kujaribu njia hii na ile, kuandika maoni yake na kulala kabla ya kuamua. O'Kelly alikuwa mchezaji hodari wa ana kwa ana pia, na aliaminiwa kuwa mwamuzi wa mechi za ubingwa wa dunia kati ya Petrosian na Spassky mwaka 1966 na 1969. Utaratibu wa kadi unastahili kuangaliwa kwa makini na mchezaji wa leo, maana majukwaa ya mtandaoni bado yanautoa, ingawa wachache huubofya.

Lichess, jukwaa la bure lililoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, lina mchezo wa siku kadhaa kwa kila hatua. Ndani yake inaruhusiwa kutazama hazina ya funguzi, ila ni marufuku kuomba msaada wa injini ya kompyuta. Kwa mtu asiye na subira ya wiki nzima, mchezo wa dakika 15 pamoja na sekunde 10 za nyongeza kwa kila hatua unatosha. Sekunde hizo za nyongeza zina thamani kubwa, kwa sababu humwezesha mchezaji kujiuliza maswali matatu kabla ya kugusa kete: mpinzani anatishia nini kwa hatua aliyoicheza sasa hivi? Baada ya hatua yangu, je, mfalme au malkia wangu anaweza kushambuliwa? Kuna kete gani, yake au yangu, inayoweza kuliwa bila malipo? Mwanzoni maswali haya huchosha. Baada ya miezi michache jicho huanza kuyajibu lenyewe, na hapo ndipo mchezo wa dakika 3 unapoweza kurudishwa kama burudani.

Pambano likiisha, kazi iliyo muhimu zaidi huwa ndiyo kwanza inaanza. Wengi hubofya kitufe cha uchambuzi, hutazama alama nyekundu za injini na kuendelea na safari. Injini humwambia mtu kwamba amekosea, lakini haimwambii alikuwa akifikiri nini alipokosea. Kwa hiyo uchambuzi wa kwanza ufanywe bila injini: mchezaji aupitie mchezo alioshindwa, atafute mwenyewe hatua iliyomharibia, aandike sababu kwa sentensi moja, kisha ndipo aifungue injini kuhakiki. Sentensi za namna hiyo zikikusanywa, huonekana wazi kwamba makosa mengi ni ya aina mbili au tatu tu. Hayo ndiyo ya kufanyiwa mazoezi kwa mafumbo ya mbinu, polepole, bila saa. Na baada ya kushindwa mara mbili mfululizo, simu iwekwe kando, kwani hasira hasara.

Kuhusu ufunguzi, Ubelgiji ina zawadi nzuri kwa mchezaji wa kawaida. Edgard Colle wa Ghent, aliyefariki mwaka 1932 akiwa na umri wa miaka 34, aliacha mfumo unaobeba jina lake. Mweupe hupanga vitunda, zile kete ndogo za mbele, kwenye d4, e3 na c3, farasi mmoja f3 na mwingine d2, askofu d3. Mfalme huingizwa mafichoni pamoja na ngome, kisha kitunda cha e3 husukumwa hadi e4 na askofu kupata njia ya kumwelekea mfalme wa adui. Dhidi ya O'Hanlon, mjini Nice mwaka 1930, Colle alimtoa mhanga askofu huyo kwenye h7 katika hatua ya 12, farasi akafuata g5, na pambano likaisha kwa hatua 20. Mchezo huu humfaa mwanafunzi kuliko ule wa Yusupov dhidi ya Ivanchuk, uliochezwa Brussels mwaka 1991 katika mechi za kutafuta mpinzani wa bingwa wa dunia. Ule wa Yusupov ni miongoni mwa michezo mizuri kuliko yote, lakini undani wake huwazidi hata mabingwa.

Mwisho wa mchezo ndio unaopuuzwa zaidi, na ndiko pointi zinakopatikana kwa bei nafuu. Mifano miwili inatosha: mfalme mweupe akiwa e6, kitunda chake e5 na mfalme mweusi e8, mweupe anashinda, iwe ni zamu yake au ya mpinzani. Kitunda kikiwa kwenye safu ya pembeni kabisa, a au h, mfalme mweusi akiwahi kona huwa ni sare. Anayezijua kanuni hizi mbili huamua kwa uhakika lini abadilishane kete za mwisho.

Wakazi wa Brussels wana klabu, na mechi za ligi ya klabu nchini Ubelgiji huchezwa Jumapili, watu wakikaa mezani kwa saa kadhaa. Aliye mbali na klabu na aanze leo kwa mchezo mmoja wa dakika 15, na asifungue wa pili kabla ya kuuchambua ule wa kwanza.