Kiishio -e na Maoni ya Mtahiniwa: Pale Kiswahili Kinapoachana na Kifaransa

Mwalimu mwenzangu na mtahiniwa mpenzi, tazameni sentensi hizi mbili:

(a) Naona shamba linauzwa.
(b) Naona shamba lisiuzwe.

Hapa Entarara, Kaunti ya Kajiado, sentensi zote mbili zaweza kusikika katika kikao kimoja cha jamaa. Ya kwanza inaarifu. Msemaji ameona dalili. Huenda wapimaji wamekuja na vigingi vimechomekwa. Ya pili inapinga. Kitenzi cha mwanzo, naona, ni kile kile. Kilichobadilika ni kitenzi cha pili. Kijana aliyefika kikaoni kuzuia uuzaji wa ardhi ya babu yake, kisha akatamka (a), atakuwa ametoa ushahidi tu. Msimamo wake haujasikika.

Umbo lililo katika (b) ndilo dhamira tegemezi. Neno dhamira lisikutatize. Katika fasihi, dhamira ni lengo la mwandishi. Katika sarufi, ni namna umbo la kitenzi linavyoonyesha mtazamo wa msemaji kuhusu tendo: analiarifu, analiamuru au analitaka litendeke. Makala haya yanaeleza jinsi umbo hili linavyobeba maoni, na jinsi linavyoweza kumpa au kumnyima mtahiniwa alama.

1. Umbo lenyewe

Vitenzi vya asili ya Kibantu hubadilisha kiishio -a kuwa -e, navyo havichukui kiambishi cha wakati: asome, tungoje, walime. Vitenzi vya silabi moja hudondosha ku-: aje, ale, anywe. Vitenzi vyenye asili ya kigeni havibadiliki mwishoni: arudi, ajibu, asamehe. Katika kundi hili la mwisho, dalili pekee ni kukosekana kwa kiambishi cha wakati. Linganisha: Naona anarudi, Naona arudi. Ukanushi hutumia -si-: asisome, wasirudi.

Umbo hili hupenda kuandamana na maneno kama afadhali, heri, bora, yafaa, yapasa, sharti, lazima na ili. Aidha, kuna kitenzi naonelea, ambacho watahiniwa wengi wamekisahau ilhali ni kitenzi cha maoni hasa: Naonelea tungoje mvua.

2. Tahadhari kwa wanaosoma Kifaransa

Baadhi ya wanafunzi wetu husoma Kifaransa pia, nao hufunzwa kwamba subjonctif ni umbo la maoni, hisia na shaka. Maelezo hayo yanakifaa Kifaransa. Yakihamishiwa Kiswahili bila uangalifu, hupotosha.

Katika Kifaransa, maneno yanayotangulia ndiyo yanayoamua umbo la kitenzi kinachofuata. Baada ya je pense que, yaani nadhani kwamba, kitenzi hubaki katika hali ya kuarifu: je pense qu'il vient. Maoni hayo yakikanushwa, shaka huingia, na kwa kawaida subjonctif hufuata: je ne pense pas qu'il vienne. Hisia nazo huileta: je suis content qu'il vienne, hata kama mgeni anayefurahiwa yuko njiani tayari.

Kiswahili hakifuati njia hiyo. Sisi husema: Nadhani anakuja, Sidhani kwamba anakuja, Nafurahi kwamba anakuja. Zote tatu zinaarifu. Mwanafunzi anayeandika Sidhani kwamba aje au Nimefurahi kwamba aje ametumia maneno ya Kiswahili kwa sarufi ya Kifaransa.

Lugha hizi mbili hukutana panapo matakwa, lazima na kusudi: il faut que tu viennes ni lazima uje, je veux que tu viennes ni nataka uje, pour que hulingana na ili. Kwa hiyo kanuni ya kumpa mwanafunzi ni hii: shaka na hisia pekee hazileti -e katika Kiswahili. Ajiulize swali moja tu, "Jambo hili naliarifu au nataka litendeke?" Akiwa analiarifu, hata kwa mashaka, atumie hali ya kuarifu. Akiwa analitaka, analishauri au analikataza, atumie -e.

Kwa watoto wanaozungumza Kimaasai nyumbani, mfano uko mdomoni mwao. Waulize maana ya maape. Watakujibu: twende. Hapo waulize kama neno hilo linaarifu safari au linaitaka, na somo litakuwa limeanza.

3. Katika jibu la fasihi

Hapa ndipo alama zinapopotea. Chukua tamthilia ya Kigogo yake Pauline Kea, iliyokuwa kitabu teule kabla ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Tuseme swali linataka ujadili matumizi mabaya ya mamlaka. Mtahiniwa mmoja anaandika:

"Viongozi waache tamaa. Wananchi wasikubali kunyanyaswa. Soko lifunguliwe ili watu wapate riziki."

Hesabu vitenzi vilivyo katika dhamira tegemezi: waache, wasikubali, lifunguliwe, wapate. Vyote vinataka, hakuna hata kimoja kinachoarifu. Mtahiniwa amehubiri, na mtahini hana ushahidi wa kutuza. Mwenzake anaandika:

"Majoka anatumia mamlaka vibaya. Analifunga soko ambalo Wanasagamoyo wanalitegemea kwa riziki. Kwa maoni yangu, kitendo hiki kinaonyesha kwamba anajali masilahi yake kuliko ya raia."

Huyu naye ametoa maoni, tena kwa uwazi, bila -e hata moja. Maoni ya mhakiki kuhusu maana ya kazi ya fasihi ni madai, na madai huthibitishwa kwa hali ya kuarifu. Maswali yanayoanza kwa thibitisha, jadili au fafanua huhitaji madai ya namna hii. Vivyo hivyo ukiulizwa kuhusu ulevi wa Yona katika Bembea ya Maisha: eleza unavyojitokeza na unavyoiathiri jamaa yake kabla ya kumwambia aache pombe.

Kinyume chake pia ni kweli. Katika Karatasi ya Kwanza, mtahiniwa akiandika ripoti, hotuba au barua kwa mhariri, sehemu ya mapendekezo hudai -e. Ripoti kuhusu ukame Kajiado ikimalizia kwa "Serikali inachimba visima", haijapendekeza lolote. Imetoa habari, pengine isiyo kweli. Na iandike: "Serikali ichimbe visima, nao wafugaji washirikishwe katika kuchagua mahali."

4. Katika kusoma wahusika

Umbo hili lina adabu yake pia. Kijana akimwambia mzee "Ngoja!", ameamuru. Akisema "Yafaa tungoje, mzee," ametoa maoni yale yale bila kuvunja heshima, tena amejihesabu miongoni mwa watakaongoja. Kwa hiyo unaposoma mazungumzo ya tamthilia, angalia ni nani anayeamuru, ni nani anayetumia naomba pamoja na -e, na ni nani asiyethubutu kutaka chochote. Mhusika dhaifu akianza kusema -e mbele ya mwenye nguvu, tayari una hoja kuhusu ukuaji wake.

Methali nazo hutofautiana hivyo. Mcheza kwao hutunzwa inaarifu na kukuachia uamuzi. Usiache mbachao kwa msala upitao inakukataza waziwazi. Ukiulizwa maana ya methali, fafanua kwanza kinachoarifiwa au kukatazwa, ndipo utoe funzo.

Zoezi

Mwalimu, wape wanafunzi majibu yao ya zamani ya fasihi. Wapigie mstari kila kitenzi kilicho katika dhamira tegemezi, kisha waeleze kama swali lilikuwa limewataka washauri au wathibitishe. Baadaye wakamilishe sentensi hizi kwa umbo sahihi la kitenzi kilichotolewa, na watetee majibu yao:

(i) Sidhani kwamba mhusika huyu (badilika) mwishoni mwa hadithi.
(ii) Naonelea sisi (soma) onyesho hili tena.
(iii) Inasikitisha kwamba wazee (nyamaza) walipoulizwa.
(iv) Haifai ardhi ya malisho (uza) bila akina mama kusikilizwa.