Matumbawe Sugu: Tuyatambueje, Tuyatunzeje?

Wengi wetu tukisikia matumbawe hudhani ni mawe tu. La hasha! Tumbawe ni wanyama wadogo wengi walioshikana wakajijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana, ambao hutumia mwanga wa jua kuwatengenezea chakula. Maji yakizidi joto, mwani hutoka na tumbawe huwa jeupe. Joto lisiposhuka, tumbawe hufa.

Mwaka wa 1998 joto kama hilo liliua matumbawe mengi ya pwani yetu ya Kenya. Je, ni yapi yaliyostahimili? Hasa ni yale ya mviringo kama jabali, yenye vitundu vidogo mno, ambayo wataalamu huyaita Porites. Yale ya matawi kama mti, yaitwayo Acropora, yaliumia vibaya.

Kwenye tangi la kioo nyumbani mambo ni tofauti kidogo. Huko anayeanza hushauriwa kufuga matumbawe laini yenye umbo la uyoga na ngozi nene. Hata hivyo, sugu si kusema halihitaji kutunzwa. Joto liwe kati ya digrii 24 na 27, chumvi iwe gramu 35 hivi kwa lita, taa iwake saa 8 hadi 10 kwa siku, na pampu isukume maji mchana na usiku. Sasa hebu fikiria stima ikipotea usiku kucha! Maji husimama, hewa hupungua, na viumbe hao huanza kufa.

Mimi mtoto wa pwani nimewasikia watu wakisema eti si neno, nenda ukavunje kipande kingine baharini. Jamani! Porites huongezeka kimo kwa sentimita 1 hivi kwa mwaka. Lenye kimo cha mita 1 lina miaka 100 hivi, na wewe walivunja kwa dakika moja? Wafugaji wenye ujuzi hukata kipande cha tumbawe walilo nalo, wakakipanda kikawa tumbawe jipya. Njia hiyohiyo hutumiwa kule Wasini, Kwale, kurudisha matumbawe baharini.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikimwagwa kila siku hakijai. Maji yakipwa, tuyatazame matumbawe, tuyatambue, wala tusiyakanyage. Samaki wa kitoweo chetu hukaa humo.